Bei ya Mtu: Watoro wa Fuladoyo na Yubilei Yetu



Kamati ilipokaa kupanga kitabu hiki, kila mmoja wetu alikuja na lake. Mmoja alitaka orodha ya nyimbo zetu zote, mwingine picha za sare tangu zile za kwanza zilizoshonwa nyumbani, mwingine habari za safari na mashindano. Tukiwa tunahesabu kurasa, mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa amekaa kimya akatuuliza, "Wanangu, mnajua yubilei ni nini?" Tukamjibu kwa pamoja kwamba ni miaka hamsini. Akatikisa kichwa. "Nendeni mkasome Mambo ya Walawi sura ya 25, kisha mrudi."

Tulikwenda tukasoma. Tuliona kwamba yubilei katika Maandiko haikuwa sherehe ya kuhesabu miaka tu. Ulikuwa mwaka wa hasara kwa mwenye mali. Baragumu ilipigwa Siku ya Upatanisho, na aliyekuwa amejiuza kwa sababu ya umaskini alirudi kwa jamaa zake, na shamba lililouzwa likarudi kwa ukoo wake. Kila mfanyabiashara alipaswa kupiga hesabu zake akijua hivyo, na bei ilishuka kadiri mwaka ule ulivyokaribia. Sababu iliyotolewa ni moja: nchi ni ya Mungu, na Waisraeli ni watumishi wa Mungu, kwa hiyo hakuna Mwisraeli awezaye kuwa mali ya mwenzake daima.

Baada ya kusoma hayo tuliona kwamba historia ya kwaya yetu haiwezi kuanza na siku ile waimbaji wachache walipokusanyika chini ya mwembe kujifunza sauti nne. Lazima ianze nyuma zaidi, na watu wa huku huku kwetu ambao walisikia baragumu ya yubilei wakaitii, ingawa utiifu huo uliwanyima faida na wengine ukawatoa uhai. Tunawaandikia habari zao hapa, ili watoto wetu wa Shule ya Jumapili wazijue.

Malindi ya mtama na ufuta

Wengi wetu tunaijua Malindi ya hoteli, samaki na watalii. Tunajua pia nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika mwaka 1498, na kanisa dogo la Wareno lililo karibu na bahari. Lakini kati ya Malindi ile ya Wareno na hii ya leo kulikuwa na Malindi nyingine, ambayo watu hawapendi sana kuizungumza.

Baada ya miaka mingi ya kuwa magofu, mji ulianzishwa upya mwaka 1861 katika utawala wa Sultani Majid wa Unguja. Walikuja askari, wakaja wenye mitaji, na misitu iliyouzunguka mji ikafyekwa kuwa mashamba. Malindi ikawa ghala la nafaka. Majahazi yaliondoka hapa yamejaa mtama na ufuta kwenda Unguja na Uarabuni. Takaungu, kusini mwa Kilifi, nako kulikuwa na mashamba makubwa chini ya Wamazrui, waliohamia huko baada ya kuipoteza Mombasa mwaka 1837.

Nafaka ile haikujilima. Ililimwa na watu waliotekwa au kununuliwa mbali, wengi wao katika nchi za kusini kuelekea Ziwa Nyasa: Wayao, Wanyasa, Wangindo, Wamakua. Walitembezwa kwa miguu hadi Kilwa, wakapakiwa majahazini, wakauzwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kuizuia biashara ya kusafirisha watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Lakini mkataba ule ulikataza kusafirisha na kuuza, haukukataza kumiliki. Mtu aliyekuwa mtumwa shambani Malindi siku ile aliamka kesho yake akiwa mtumwa vile vile.

Hatuandiki haya ili kuwanyooshea kidole majirani zetu Waislamu, ambao tunaishi nao, tunaoana nao na kuzikana nao. Mataifa yaliyojiita ya Kikristo yalivusha mamilioni ya Waafrika katika bahari ya Atlantiki kwa minyororo. Na sisi Wamijikenda nasi hatukuwa nje ya soko lile. Wazee wetu waliuza pembe, sandarusi na nafaka kwa watu wa pwani, na katika nyakati za njaa kali, kama ile ya mwaka 1884, wako waliowaweka watoto wao rehani ili wapate chakula. Mtumwa alipotoroka akaingia porini, mtu aliyemkamata na kumrudisha pwani alipewa bakshishi. Kwa mkulima maskini hiyo ilikuwa pesa ya haraka. Hakutakiwa kulima wala kusubiri mvua, bali kumfunga kamba mtu mwenye njaa na kutembea naye hadi pwani.

Mbegu ndogo ya Rabai

Injili ilifika kwetu kwa upole na kwa machozi. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe, Rosine. Katika muda wa miezi michache tu alimzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann wakaweka makao yao Rabai. Krapf aliondoka baadaye kwa sababu ya afya, lakini Rebmann alibaki hadi mwaka 1875, karibu miaka 30, na waliobatizwa katika miaka yote hiyo walikuwa wachache sana. Mtu anayepima kazi kwa faida angesema biashara hiyo imefilisika.

Katika wachache hao waliofikiwa na neno la Rabai alikuwapo Mgiriama aliyeitwa Abe Ngoa. Huyu hakukaa kituoni akingoja kulishwa. Alirudi kwa watu wake akawafundisha aliyoyasikia, na kundi dogo la waumini likatokea Ugiriama bila Mzungu wa kuliongoza. George David, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa India, alikuwa mwalimu wa misheni ya CMS, na ndiye mmoja wa waliowatembelea na kuwatia moyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1870 waumini hawa walikuwa na kijiji chao ndani kabisa ya nchi ya Wagiriama, mbali na pwani. Kijiji hicho kiliitwa Fuladoyo.

Kijiji kisichorudisha mtu

Fuladoyo haikuwa na mali. Palikuwa na mashamba ya chakula, vibanda, na mahali pa kusali. Lakini habari zake zilifika hadi kwenye mashamba ya pwani, zikanong'onwa usiku miongoni mwa watu waliokuwa wakilimia wengine. Ilisemekana kwamba uko mji huko bara ambako mtoro akifika harudishwi.

Wakaanza kuja, mmoja mmoja kwanza, kisha kwa makundi. Wengine hawakujua hata neno moja la Kigiriama. Walizungumza Kiyao au Kinyasa na Kiswahili cha shambani. Walifika wakiwa na majeraha na njaa, na nyuma yao walikuwapo watu wa kuwafuatia. Fuladoyo ikawapokea. Wakapewa mahali pa kulima, wakafundishwa neno la Mungu, wakaozana. Katika muda mfupi kijiji kile cha waumini wachache kikawa na mamia ya watu, na wengi wao walikuwa watoro.

Hebu tulipime jambo hili kama watu wa Fuladoyo walivyolipima. Kila mtoro aliyebisha hodi alikuwa na bei, na bei hiyo ilijulikana. Mwenye kijiji angeweza kumrudisha na kupata bakshishi pamoja na urafiki wa matajiri wa pwani, watu walionunua mazao na kuleta nguo na chumvi. Kumpokea kulimaanisha mdomo mmoja zaidi wa kulisha, na adui mmoja zaidi mwenye bunduki. Hakuna hesabu ya soko ambayo ingekubali kumpokea.

Torati inayo amri juu ya jambo hilo hilo. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23, Mungu anawaagiza watu wake wasimrudishe kwa bwana wake mtumwa aliyewakimbilia, bali wamwache akae kati yao mahali atakapochagua. Siku zile Biblia nzima ya Kiswahili ilikuwa bado haijachapwa. Kijiji kile kilikuwa na sehemu chache tu za Maandiko na mafundisho ya midomo. Pamoja na hayo waliishika amri hiyo kuliko watu wengi waliokuwa na Biblia kamili kabatini.

Sheria ya nani?

Lazima tuseme ukweli wote, maana historia iliyopakwa asali haimfundishi mtu. Kanisa lenyewe halikuwa na msimamo mmoja juu ya watoro.

Mwaka 1875 misheni ilianzisha Frere Town huko Kisauni, kwa ajili ya watu waliookolewa na manowari za Kiingereza kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Kila apitaye Kengeleni leo akienda Nyali au Kisauni anapita penye kengele yao. Ililia kuwaita watu kwenye ibada, ikalia pia kuwaonya hatari ilipokuja, maana wenye watumwa wa Mombasa waliichukia Frere Town wakatishia kuivunja.

Lakini watu wa Frere Town walikuwa na karatasi za serikali. Mtoro aliyekimbia shamba la Malindi au Takaungu hakuwa na karatasi yoyote. Kwa sheria ya siku zile alikuwa mali iliyopotea. John Kirk, mwakilishi wa Uingereza huko Unguja, aliwaonya wamisionari wasiwapokee watoro, wasije wakaiingiza misheni na serikali katika vita. Wamisionari wakajikuta kati ya moto na maji. Wengine walisikitika lakini wakatii onyo lile. Ziko nyakati ambapo watu waliokuja kuomba kimbilio waliambiwa waondoke.

Hatuwahukumu kwa wepesi. Walikuwa na mamia ya watu chini ya ulinzi wao, na vita vingewaangamiza wote. Lakini tunaona jambo la kushangaza: wakati waliosoma sana walikuwa wakiandikiana barua na Unguja na London kuuliza kama inafaa, Wagiriama wa Fuladoyo walikuwa wamekwisha kufungua mlango.

David Koi

Kiongozi wa Fuladoyo katika miaka ile alikuwa David Koi, Mgiriama, mtu wa kundi lile lililofundishwa kwanza na Abe Ngoa. Hakuwa kasisi, wala hakuwa na mshahara wa kutajwa. Alikuwa msomaji wa neno na mwangalizi wa watu, kama walivyo wengi wanaobeba makanisa yetu ya vijijini hadi leo.

Mwaka 1883 wenye watumwa kutoka pwani walikishambulia kijiji. David Koi alikamatwa, akakatwa kichwa. Wengine walitawanyika porini, wengine wakakimbilia Rabai, na waliobahatika wakaungana tena baadaye.

Watu wengi wa Afrika Mashariki wanawajua mashahidi wa Uganda, na ni vema, nasi tunawaheshimu. Vijana watatu wa kwanza wa Kianglikana waliuawa Buganda Januari 1885, na wengi wakafuata Namugongo tarehe 3 Juni 1886. David Koi alikuwa amekwisha kumwaga damu yake katika ardhi ya Kilifi miaka miwili kabla ya wale watatu. Anahesabiwa miongoni mwa mashahidi wa kwanza wa imani katika nchi hii. Lakini ukiwauliza vijana wetu kumi jina lake, utapata wangapi wanaolijua? Sisi wenyewe katika kwaya, kabla ya mzee kututuma kusoma, tulikuwa wachache. Tumeimba habari za Danieli na tundu la simba, za Shadraka, Meshaki na Abednego. Hatukuwahi kumwimba jirani yetu.

Tena tuangalie sababu ya kifo chake. Kilichowakasirisha waliomuua ni mali. Angefundisha sala na nyimbo tu, akawarudisha watoro, pengine angekufa mzee. Ndivyo ilivyokuwa kwa Paulo na Sila kule Filipi: walipomponya kijakazi aliyekuwa akiwapatia mabwana zake faida kwa kubashiri, mabwana wale waliona tumaini la faida limepotea, ndipo wakawaburuta sokoni. Ndivyo ilivyokuwa Efeso pia, Demetrio mfua fedha alipoona Injili inamharibia soko la vijumba vya Artemi. Injili ikigusa mfuko wa mtu, hapo ndipo vita huanza.

Rabai na karatasi za uhuru

Habari haikuishia kwenye kaburi. Rabai nayo ilikuwa imejaa watoro. Aliyekuwa akiisimamia kwa miaka mingi ni William Jones, Myao, aliyekuwa mtumwa utotoni, akakombolewa na kulelewa India, kisha akaletwa Rabai kufanya kazi ya Mungu. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimwekea mikono yeye na Ishmael Semler kuwa mashemasi, Waafrika wa kwanza kupata daraja hilo katika misheni hii ya pwani. Mwaka huo huo Jones alifuatana na askofu katika safari ya kwenda Uganda. Hannington alipotangulia na kuuawa huko Busoga, Jones ndiye aliyewarudisha wapagazi waliosalia hadi Rabai mwanzoni mwa mwaka 1886. Kanisa la Mtakatifu Paulo tunaloliona Rabai hadi leo lilijengwa mwaka 1887, chini ya mikono ya watu hawa.

Mtu aliyewahi kuwa mtumwa alikuwa mlangoni, na mtoro akabisha hodi. Si ajabu kwamba Rabai ilijaa.

Mwaka 1888 wenye watumwa walichoka. Walidai watu wao, na ilionekana damu itamwagika. Wamisionari waliwaambia watoro kwamba haiwezekani tena kuwalinda. Wakati huo huo Imperial British East Africa Company ilikuwa ndiyo kwanza imepata hati yake ya kuitawala pwani kibiashara, na mkuu wake, George Mackenzie, alifika Mombasa akakuta moto unakaribia kuwaka. Akafanya mapatano: wenye watumwa walipwe fidia, na watoro waliokuwa katika vituo vya misheni wapewe hati za uhuru. Watu zaidi ya 1,400 walipata uhuru kwa njia hiyo. Tarehe 1 Januari 1889 hati zile ziligawanywa Rabai kwa shangwe kubwa.

Tunamshukuru Mungu kwa siku ile, na hatuwezi kuidharau. Lakini ni vema tuiangalie kwa makini. Fidia ilikwenda kwa waliomiliki. Waliofanya kazi bila ujira miaka yote ile walipewa karatasi. Na kampuni ile haikuwa kanisa: ilihitaji amani ili misafara yake ipite na biashara yake isitawi. Ilikuwa ni huruma, na ilikuwa ni biashara pia.

Hapo tukakiona kile ambacho mzee wetu alitaka tukione. Kuna njia mbili za kumtoa mtu utumwani. Moja ni kulipa bei yake. Nyingine ni kukataa kwamba ana bei. Rabai ya mwaka 1889 ilifuata njia ya kwanza, na watu wakapona. Fuladoyo ilifuata njia ya pili, na David Koi akafa. Lakini yubilei ya Mambo ya Walawi ni njia ya pili. Baragumu inapolia, hakuna anayelipwa fidia. Mtu anakwenda kwao kwa sababu Mungu amesema ni wake.

Utumwa wenyewe ulikufa polepole. Mwaka 1897 hali ya utumwa ilikoma kutambuliwa kisheria huko Unguja na Pemba, na katika pwani yetu ya Kenya mwaka 1907. Miaka ya 1890 wamisionari walikuwa na kituo Jilore, karibu na mto Sabaki, na Injili ikaendelea kuenea kwa Wagiriama. Leo Kianglikana katika pwani ya kaskazini kina dayosisi yake ya Malindi. Wengi wetu tunaoketi katika viti vyake ni wajukuu wa pande zote: wa waliolima kama watumwa, wa waliowapokea, na, tuseme kweli, wa waliopokea bakshishi.

Siku yetu ya kupimwa

Tungependa kuishia hapo, lakini mzee wetu hakuturuhusu. Alisema historia isiyomfikia anayeiandika ni hadithi.

Wanakwaya wa zamani wanakumbuka mwaka ule tulipokuwa hatuna spika, na kinanda chetu kilikuwa na vitufe vinne visivyolia. Alikuja mtu mwenye uwezo. Alikuwa amenunua eneo kubwa la ardhi si mbali na kanisa, akawa anafungua mradi wake. Alitaka kwaya iimbe siku ya ufunguzi. Atatupa kinanda kipya, spika mbili kubwa, na kitambaa cha sare kwa kila mmoja. Kwa kwaya ya kijijini hiyo ilikuwa mana kutoka mbinguni.

Ndani ya ardhi ile walikuwa wakiishi watu, familia baada ya familia. Wengi hawakuwa na hati. Hiyo nayo ina historia yake. Sheria ya mwaka 1908 ya kusajili ardhi ya pwani iliwapa hati waliojua kudai na waliokuwa na njia ya kudai, na Wamijikenda wengi wakajikuta maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Watu wale walikuwa wamepewa notisi ya kuhama. Mmoja wao alikuwa mwenzetu wa sauti ya tatu.

Tulikutana baada ya mazoezi tukajadiliana hadi taa ya chemni ikaisha mafuta. Waliosema tukubali hawakuwa watu wabaya. Walisema, sisi tunaimba tu, hatubomoi nyumba ya mtu. Walisema, tusipoimba sisi wataimba wengine, na vyombo vitakwenda kwao. Walisema, kinanda kitamtumikia Mungu miaka 20. Yote hayo yalikuwa kweli. Mwenzetu wa sauti ya tatu hakusema neno. Mwishoni mama mmoja wa sauti ya pili akasimama, akamwangalia, akauliza, "Baba, siku hiyo wewe utasimama wapi? Mstarini nasi, au mlangoni kwako?"

Tulipiga kura. Tulikataa, lakini kwa kura chache. Wanakwaya wanne waliondoka kwa hasira, na wawili kati yao hawakurudi hadi leo. Ufunguzi ulifanyika, kwaya nyingine iliimba. Mwenzetu alihama hata hivyo; kukataa kwetu hakukuizuia hata nyumba moja isibomolewe. Kinanda kile chenye vitufe vinne vibovu tulikitumia miaka saba zaidi, na ndiyo maana nyimbo zetu nyingi za miaka ile zimejaa kayamba na ngoma. Wageni husifu mtindo huo. Hatukuubuni, tulikosa pesa.

Hatuyasemi haya ili tujisifu. Hatukukatwa vichwa. Tulikosa kinanda tu. Tena ziko siku nyingine ambazo tulishindwa. Tumewahi kuimba mahali ambapo hatukupaswa kuimba kwa sababu bahasha ilikuwa nene, na kila mmoja aliyekuwapo anajua. Tunayaandika ili aliye kijana katika kwaya leo ajue kwamba jambo hili litamfikia. Haliji likiwa limeandikwa utumwa. Huja likiwa limeandikwa mchango, ufadhili, ufunguzi, na lina tabasamu. Swali la kujiuliza ni lile lile la Fuladoyo: je, katika hesabu hii kuna mtu aliyetiwa bei?

Wimbo wa yubilei

Katika ibada ya yubilei, kabla ya wimbo wa kwanza, baragumu itapigwa. Tumeazima pembe kwa mzee mmoja wa Kaloleni. Tunaomba watu wote wasimame, na sauti ile isichukuliwe kuwa pambo la sherehe. Ni ile ya Mambo ya Walawi, inayomwambia kila mwenye mali kwamba jirani yake si mali.

Baada yake tutaimba wimbo mpya tuliotunga kwa ajili ya siku hii, wenye jina la David Koi. Sauti ya tatu ndiyo itakayouanza peke yake, na yule mwenzetu aliyehamishwa, ambaye sasa anaishi mbali na huja mazoezini kwa pikipiki mara moja kwa wiki, ndiye tuliyemwomba aongoze. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali, kwa sharti kwamba tutumie kayamba, tusitumie kinanda kipya. Tumekubali.

Tunawashukuru wote waliotulea miaka hii hamsini: walimu wa kwaya, makasisi, akina mama waliotupikia uji wa mazoezi ya Jumamosi, na wazee waliotukemea. Mungu awarehemu waliotangulia, wale tunaowajua kwa majina na wale wa Fuladoyo ambao majina yao yanajulikana mbinguni tu. Na atupe sisi tuliobaki masikio ya kuisikia baragumu, na miguu ya kuifuata, hata pale ambapo hailipi.

Amina.